Nusu ya Ova si Nusu ya Mchezo

Nimechoka kusikia watu wazima, tena waliosoma, wakisema kwamba haki ni kugawa sawasawa. Katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti maneno hayo husemwa kwenye vikao vya ukoo, kwenye kamati za shule, na hata ofisini kwa wakubwa wa elimu, na husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala. Ng'ombe kumi, wana wawili, kila mmoja watano, tuondoke. Hakuna anayeuliza ni ng'ombe yupi ana mimba na yupi amebakiza meno mawili. Mimi nilifundisha hesabu kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa shule, na baadaye nikafundisha katika chuo cha ualimu namna ya kuzifundisha hizo hesabu, kwa hiyo nathubutu kusema kwamba ugonjwa huu haukuanzia kijijini. Umeanzia darasani, ambako mtoto hujengewa imani kwamba kila swali lenye namba tatu hujibiwa kwa kuzidisha mbili na kugawanya kwa ya tatu.

Ili nieleweke nitatumia mchezo ambao wasomaji wangu wengi hawajapata kuuona kwa macho, nao ni kriketi. Najua nitachekwa. Kriketi inatuhusu nini sisi watu wa mahindi, ndizi na ng'ombe? Najibu kwamba mvua inatuhusu. Mvua ya Tarime haina adabu. Huja saa tisa mchana na kuondoa watu uwanjani bila kuuliza matokeo ni ngapi. Na kriketi ndio mchezo pekee ninaoufahamu ambao wakuu wake walilazimika kukaa chini na kukokotoa, kwa namba, haki ya mtu aliyenyeshewa.

Wala si mchezo wa mbali kama inavyodhaniwa. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilipochezwa Uingereza mwaka 1975 ilikuwepo timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha wao akiwa Harilal Shah. Walishindwa mechi zote tatu, na New Zealand, na India, na Uingereza, tena walishindwa vibaya, lakini walikuwepo. Mimi mwenyewe nilifundishwa kuandika matokeo ya kriketi na mwalimu mwenzangu wa hesabu, Mhindi mzaliwa wa Kanda ya Ziwa, ambaye siku za mapumziko alikaa na redio yake na karatasi ya mistari akiandika kila mpira uliorushwa. Mpaka leo naamini karatasi ile ilikuwa somo bora la takwimu kuliko vitabu vingi tulivyoletewa vyuoni vikiwa vimefungwa kwa kamba na kubaki hivyo hivyo.

Kwa asiyejua nieleze kwa ufupi. Timu moja hupiga kwanza na kukusanya mikimbio, nyingine hurusha mpira na kudaka, kisha hubadilishana. Katika mechi za siku moja kila upande hupewa ova 50, na kila ova ni mipira sita, yaani jumla mipira 300. Lakini zamu ya kupiga inaweza kwisha mapema. Kila mpigaji anayetolewa ni wiketi moja iliyokwenda, na wiketi kumi zikiisha, basi, hata kama mipira mia imebaki. Kwa hiyo timu inayopiga ina mali mbili mkononi: ova na wiketi. Shikilia hapo, msomaji, maana ugomvi wote umo katika mali hizo mbili.

Tuseme timu ya kwanza imepata mikimbio 241 kwa ova zake zote 50. Mvua inanyesha, na zinapatikana ova 25 tu kwa timu ya pili. Itakiwe kupata mikimbio mingapi ili ishinde? Mwanafunzi yeyote wa darasa la sita atajibu kabla hujamaliza kuuliza: nusu ya ova, nusu ya mikimbio, yaani 120 na nusu, kwa hiyo shabaha ni 121. Atapewa alama zake na kukaa chini. Na huo ndio utaratibu uliotumika katika kriketi kwa miaka mingi, wa wastani wa mikimbio kwa kila ova.

Sasa mwite mama yake huyo mwanafunzi umuulize yeye. Mama ana debe la unga, na mavuno yako mbali siku hamsini. Atapima kwa kikombe: asubuhi uji mwepesi, jioni ugali wa kudanganyia tumbo. Jirani yake ana debe lile lile, lakini ameambiwa mapema kwamba mavuno yake yako karibu, siku ishirini na tano. Je, jirani huyu atatumia nusu ya debe tu? Thubutu! Atasonga ugali wa kushiba kila jioni, na siku ya mwisho debe litakuwa tupu. Wiketi ndio ule unga. Timu iliyopewa ova 25 haikupunguziwa wiketi; inazo kumi zile zile, na itazitumia bila woga. Ukiitaka ipate nusu tu ya mikimbio umeipa zawadi, halafu umeiita zawadi hiyo haki kwa sababu imetoka kwenye kugawanya kwa mbili.

Waliokuwa wakubwa wa mchezo waliona kasoro hiyo, wakatunga kanuni nyingine iliyokuwa mbaya zaidi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1992 iliamuliwa kwamba ova zikipotea, shabaha ipunguzwe kwa mikimbio ya zile ova ambazo timu ya kwanza ilipata kidogo kuliko zote. Maana yake, timu ya kwanza ikiwa na ova mbili mbovu, hizo ndizo zitakazohesabiwa kuwa zimepotea. Tarehe 22 Machi 1992, mjini Sydney, Afrika Kusini ilikuwa ikicheza nusu fainali dhidi ya Uingereza, ikihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13. Mvua ikanyesha dakika chache. Waliporudi uwanjani ova mbili zilikuwa zimeondolewa, na shabaha ilikuwa imepungua kwa mkimbio mmoja: 21, kwa mpira mmoja. Ubao uliandika 22 kwa mpira mmoja, kana kwamba hata ule mmoja ni wa kugombania. Hakuna binadamu anayeweza kupata mikimbio 21 kwa mpira mmoja halali. Mpigaji aliugusa mpira, akakimbia mara moja, watu wakaenda nyumbani. Na ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kwa Afrika Kusini kushiriki kombe hilo.

Ndipo wakatokea Waingereza wawili wa takwimu, Frank Duckworth na Tony Lewis. Hawakuwa wachezaji mashuhuri, na kwangu hilo ni jambo la kupendeza. Walichukua kumbukumbu za mechi nyingi wakauliza swali ambalo mama wa debe la unga angeuliza: timu ikiwa na ova kadhaa zilizobaki na wiketi kadhaa mkononi, kwa kawaida ina uwezo wa kupata sehemu gani ya mikimbio yake yote? Wakatengeneza jedwali. Upande mmoja ova zilizobaki, upande mwingine wiketi zilizokwisha kupotea, na katikati asilimia ya mali iliyosalia. Mwenye ova 50 na wiketi zote ana asilimia 100. Mwenye ova 25 na wiketi zote, katika jedwali lao la mwanzo, hana asilimia 50. Ana asilimia 68.7. Mwenye ova 10 tu na wiketi zote ana asilimia 34.1, wakati uwiano wa darasani ungempa 20.

Kanuni yao ilitumika kwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1997 huko Harare. Zimbabwe ilipata mikimbio 200. Uingereza ikabaki na ova 42, na shabaha ikawekwa 186. Uingereza ilifika 179 ikashindwa. Kwa uwiano wa darasani ingetakiwa 169 tu, na Zimbabwe ingeondoka uwanjani kwake imenyang'anywa ushindi na wingu. Wakubwa wa dunia wa mchezo huo wakaichukua kanuni hiyo mwaka 1999.

Lakini mfano unaotukaribia zaidi ni wa majirani zetu. Nina rafiki upande wa pili wa mpaka, Isebania, mwalimu mstaafu kama mimi, ambaye akianza kueleza fainali ya mwaka 1997 ya mataifa madogo ya kriketi huwezi kumnyamazisha hata kwa chai. Fainali hiyo ilichezwa Kuala Lumpur, Malaysia, tarehe 12 na 13 Aprili, kati ya Kenya na Bangladesh. Kenya ilipiga kwanza ikapata mikimbio 241, Steve Tikolo peke yake akipata 147. Mvua ikaharibu siku. Kesho yake Bangladesh ikapewa ova 25 na shabaha ya mikimbio 166. Ikaifikia kwa mpira wa mwisho kabisa, wiketi nane zikiwa zimekwisha kwenda. Miaka mitatu baadaye Bangladesh ilipandishwa daraja na kuwa miongoni mwa wakubwa wanaocheza mechi za siku tano, na Kenya haijapata heshima hiyo mpaka leo.

“Mwalimu,” huniambia, “tuliibiwa na hesabu. Sisi tulipata mia mbili arobaini na moja, wao mia moja sitini na sita, halafu kombe wakachukua wao.”

Namheshimu sana mzee huyu, lakini kwa hili namkatalia kila mara. Angetaka hesabu gani? Ile ya darasa la sita ingewapa Bangladesh shabaha ya 121, na mechi ingekwisha mapema watu wakiwa bado wanatafuta viti. Duckworth na Lewis walichukua asilimia 68.7 ya 241, wakapata 165 na ushei, wakaandika 166. Waliwaongezea Wakenya ukuta wa mikimbio 45. Na ikiwa timu mbili zimefika mpira wa mwisho wa mechi, mkimbio mmoja ukiwa bado haujulikani ni wa nani, basi kipimo kilikuwa kizuri kuliko vingi ninavyovifahamu, pamoja na mizani ya pamba niliyoiona utotoni. Kenya haikuibiwa. Ilishindwa, na kushindwa kwa mpira wa mwisho kunauma kuliko kuibiwa, ndiyo maana watu hupenda kuita wizi.

Tena kuna jambo ambalo rafiki yangu halisemi. Mwaka 2003 ilikuwa zamu ya wengine kulia. Tarehe 3 Machi mjini Durban, Afrika Kusini, wenyeji wa Kombe la Dunia, walihitaji kuifunga Sri Lanka ili wasonge mbele. Mvua ilikuwa inaanza. Wapigaji waliletewa ujumbe wa namba waliyotakiwa kuifikia mwishoni mwa ova ya 45, nayo ni 229. Mark Boucher akapiga sita, wakafika 229, kisha mpira wa mwisho akauzuia tu kwa gongo bila kukimbia, akidhani kazi imekwisha. Mvua ikamwagika na mechi haikuendelea. Kumbe 229 ilikuwa namba ya sare. Ya ushindi ilikuwa 230. Wenyeji wakatoka mashindanoni kwa kusoma vibaya mstari mmoja wa karatasi, na Kenya, iliyokuwa kundi hilo hilo, iliyokuwa imeifunga Sri Lanka mjini Nairobi kwa mikimbio 53, ikaendelea mpaka nusu fainali. Kweli, New Zealand walikataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama na Kenya ikapewa pointi za bure. Lakini pointi za bure peke yake hazimfikishi mtu nusu fainali.

Kisa cha Durban wengi hukitumia kuikashifu kanuni. Mimi naona kinaisifu. Namba ilikuwepo, imeandikwa, iko mikononi mwa timu kabla ya tone la mwisho. Aliyekosea alikuwa msomaji. Hiyo ndiyo hali ninayoitaka katika kila jambo la umma: kama kuna mtu amekosea, tuweze kuweka kidole mahali alipokosea.

Na hapa ndipo nami ninapogombana na watu wa kriketi. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, mechi kubwa huamuliwa kwa toleo la kanuni hiyo linalohitaji kompyuta. Profesa Steven Stern wa Australia aliichukua kazi baada ya wenye kanuni kustaafu, na jina lake likaongezwa. Sina shaka kwamba namba zimekuwa bora. Siku hizi watu hupata mikimbio mingi kuliko zamani na jedwali la 1997 lisingefaa. Lakini jedwali la zamani mtu aliweza kulibandika ukutani. Mwalimu wangu wa redio angeweza kulitumia kwa penseli, akapata jibu lile lile la mwamuzi, au akapinga kwa sababu. Kompyuta hutoa namba, na karatasi inayotoka inasomeka, lakini njia iliyotumika kuipata haiko wazi kwa mtu wa kawaida. Nasema wazi kwamba sipendi. Kipimo kinachozidi kwa usahihi na kupungua kwa kuonekana kimepata faida upande mmoja na kula hasara upande mwingine, na hasara hiyo wataalamu hawaihesabu kwa sababu si wao wanaoshindwa.

Sasa nirudi nyumbani, maana sikushika kalamu kwa ajili ya Durban.

Kila mwaka shule zetu za msingi hupewa malengo. Katika wilaya moja ambayo sitaitaja nilialikwa kikaoni kama mzee mstaafu, nikakuta lengo la ufaulu wa darasa la saba limeandikwa ubaoni kwa chaki nyekundu, asilimia moja kwa shule zote. Shule iliyo kando ya lami, yenye mwalimu wa kila somo, asilimia hiyo. Shule iliyo ng'ambo ya kijito ambacho masika hakivukiki, yenye walimu watatu kwa madarasa saba, asilimia hiyo hiyo. Mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo aliinuliwa mbele ya wenzake, mtu wa miaka hamsini na ushei, akaulizwa kwa nini hakufikia. Alitaja kijito. Wakacheka. Muhula uliofuata alikuwa amevuliwa ualimu mkuu na kuhamishiwa mbali na shamba lake.

Huyo mtu alikuwa Sydney, mipira kumi na mitatu ikageuka mmoja. Siku za masomo ni ova, walimu ni wiketi. Alipoteza ova kwa mvua, na wiketi hakuwa nazo tangu mwanzo wa mchezo, halafu akatakiwa mikimbio ile ile ya mwenye zote kumi. Hata uwiano wa darasa la sita, ambao nimeutukana tangu ukurasa wa kwanza, ungemtendea vizuri zaidi kuliko ile asilimia ya chaki nyekundu.

Kikao kilipokwisha nilimfuata afisa mmoja kijana, akanisalimu shikamoo kwa adabu, nikamweleza habari ya jedwali. Alisikiliza. Akasema, “Mzee, tukianza kurekebisha malengo, kila mwalimu mkuu ataleta mvua yake.”

Hoja hiyo ni nzito na sitaipuuza. Lakini katika kriketi mchezaji haleti mvua yake. Mvua huonwa na waamuzi, huandikwa saa iliyoanza na saa iliyokwisha, na ova zinazopotea hukatwa mbele ya wote. Sisi tuna daftari la mahudhurio, ambalo kila mwalimu hulijaza kila asubuhi na hakuna anayelisoma tena mpaka panya. Lina siku ambazo nusu ya darasa haikuvuka. Lina wasichana waliotoweka Desemba, msimu wa ukeketaji, wakarudi shuleni wiki kadhaa baada ya wenzao au wakakimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu. Takwimu tunazo. Ikama ya walimu iko ofisini kwa afisa mwenyewe. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa, kama Duckworth na Lewis, kupitia matokeo ya miaka kumi au kumi na tano ya shule za wilaya mbili hizi, na kuuliza: shule yenye walimu kadhaa na siku kadhaa, kwa kawaida imefikia wapi? Wanachuo wa mwaka wa pili wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa muhula mmoja, kwa kalamu.

Wala jambo la kurekebisha shabaha si geni nchini. Katika miaka ya 1970 na 1980 nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, na wasichana waliweza kuchaguliwa kwa alama za chini kuliko wavulana, kwa sababu ilijulikana kwamba mtoto wa sehemu moja hakupewa ova sawa na mtoto wa sehemu nyingine. Wapo waliolalamika, na wapo wanaolalamika mpaka leo, kwamba fulani aliachwa na alama zake nzuri. Mimi nautetea utaratibu ule. Ulikuwa butu, kwa maana ulihesabu wilaya nzima kama mtu mmoja, na mtoto wa mfanyabiashara wa mjini Tarime alipata nafuu ile ile ya mtoto wa mchunga ng'ombe. Lakini ulijulikana kabla ya mtihani. Mzazi aliyetaka kujua aliweza kuuliza na kujibiwa.

Linganisha na mwaka 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwezi Februari, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Ikaonekana kwamba utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa na viwango vimefungwa, wakati shule hazikuwa zimeandaliwa. Mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo, yakapangwa upya kwa utaratibu wa zamani, na waliofaulu wakapanda kutoka karibu asilimia 34 hadi asilimia 43. Sisemi kwamba waliopandishwa hawakustahili. Nasema kwamba shabaha ilihamishwa mara mbili, na mara zote mbili mpira wa mwisho ulikuwa umekwisha kurushwa. Mtoto aliyepewa sifuri Februari na cheti Mei hajui mpaka leo ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa lake. Wapo waliojinyima chakula kwa aibu kati ya miezi hiyo, na wapo wasichana waliokwisha kuozwa.

Na mwaka 2020, shule zilipofungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona na nyingi kufunguliwa tarehe 29 Juni, kalenda iliondoa siku zile zile kwa watoto wote. Watu wakaridhika: sawasawa kwa wote. Ova zilikuwa sawa, naam. Wiketi hazikuwa sawa hata kidogo. Mtoto mwenye baba mwalimu alisoma sebuleni. Mtoto wa bonde la Mto Mara alichunga miezi mitatu na nusu na kurudi amesahau kugawanya kwa tarakimu mbili. Oktoba wakapewa karatasi moja.

Sidai kwamba alama za cheti zipunguzwe kwa aliyenyeshewa. Cheti ni ushuhuda wa anachokijua mtu, na mgonjwa hataki kudungwa sindano na mtu aliyefaulu kwa huruma ya mvua. Dai langu ni kuhusu mashindano: kupanga shule nani wa kwanza na nani wa mwisho, kumpandisha mwalimu mkuu na kumshusha, kugawa nafasi chache kwa watoto wengi. Hapo tunalinganisha watu wawili, na anayelinganisha watu wawili lazima ahesabu walichokuwa nacho mkononi. Tena nafuu si kwa kila kushindwa. Timu iliyotupa wiketi zake kwa uzembe kabla ya mvua haisamehewi na jedwali. Wiketi zilizokwenda zimekwenda, na asilimia yake hushuka. Mwalimu mkuu ambaye walimu wake wapo ila wanashinda sokoni hatapata pa kujificha. Pengine ndiyo sababu wengine hawalitaki.

Liko jambo moja zaidi ambalo kriketi inalo na sisi hatuna. Katika mechi ya siku moja, timu ya pili isipopata walau ova 20, hakuna mshindi wala mshindwa. Kanuni ya aina hiyo ilikuwepo hata kabla ya Duckworth na Lewis, ingawa kiwango kilikuwa tofauti. Tarehe 1 Machi 1992 mjini Adelaide, Pakistan ilitolewa yote kwa mikimbio 74 na Uingereza, huku Derek Pringle akichukua wiketi tatu. Kijana huyo alizaliwa Nairobi, na baba yake Don aliichezea Afrika Mashariki mwaka 1975. Mvua ikazuia Uingereza kufikia idadi ya ova inayotakiwa. Mechi ikaandikwa haina matokeo, kila upande pointi moja, na Pakistan kwa msaada wa pointi hiyo ikaingia nusu fainali na mwishowe kuchukua kombe. Waingereza walinung'unika sana, lakini hakuna aliyesema kanuni imetungwa jana.

Nilimwandikia yule afisa kijana barua nikimwomba aanze na hilo, kwa kuwa ndilo jepesi. Shule ambayo darasa la saba halikufundishwa idadi fulani ya siku, au haikuwa na walimu wa idadi fulani, isipangwe nafasi mwaka huo. Mbele ya jina lake iandikwe kwamba haina matokeo ya kulinganishwa, na chini yake iandikwe sababu: siku ngapi, walimu wangapi. Idadi hizo zitangazwe Januari na kubandikwa mlangoni pa kila shule, kwa Kiswahili, mahali mzazi anaposimama akisubiri mvua ipungue. Alinijibu kwa simu kwamba wazo amelipokea, na kwamba kwa mwaka huu ubao umekwisha kuandikwa.